Kompyuta Iliyowaka Kabla ya Chai

Jumanne

Nilidhani atanuna. Mzee Ambakisye, karani wetu wa usajili wa wakulima wa kakao, hakuutaka mfumo mpya kwenye kompyuta ya ofisi. Ni mimi, meneja wake, niliyeng'ang'ania hadi ukawekwa jana, maana ule wa zamani ulikuwa haupati tena masasisho, na kila flashi iliyotoka kituo chetu cha Mwaya ilituletea virusi.

Hata hivyo niliogopa. Majina yakipotea, ningemwambia nini? Mwenyewe alishayanakili yote kwa mkono kwenye kaunta buku, akidhani sijui.

Leo asubuhi aliiwasha, akaenda kumenya ndizi na kumimina chai, kama siku zote. Zamani tulikuwa tukimaliza chupa nzima ndipo iwake. Leo hajamaliza hata ndizi ya kwanza, majina yote haya hapa, kamili.

Nikamwona amenyong'onyea kidogo, nami vilevile. Kwenye kule kusubiri ndiko tulikozoea kusimuliana habari za wajukuu wake, na za mume wangu aliye ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, na...

"Ndaga," akaishukuru kompyuta kwa Kinyakyusa. Kisha akanisogezea kikombe.

"Kaa, mwanangu. Sisi tumeisubiri miaka yote. Leo na yenyewe itusubiri."