Jina Nililolitaja Katika Nyimbo za Baba

Eldoret,
Jumanne, mwezi wa saba

Dada yangu Felista,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Hamjambo? Baba anaendeleaje? Kile kikohozi chake kimepungua ama bado? Na wewe, mguu ulioteguka shambani umekaa sawa? Mimi niko, namshukuru Mungu. Baridi ya huku unaijua, inaingia mpaka kwenye meno, na mvua ikianza saa nane haitaki kwenda kwao. Mikono yangu imepasuka kwa sabuni, lakini hiyo nitakueleza mbele.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita nikakaa nayo. Usinikasirikie. Kila nikishika kalamu naona pale ulipoandika kwamba Jumapili ikifika saa tisa Baba anavaa koti lake la kijivu, anaweka redio kwenye meza, anaita majirani, na kipindi cha nyimbo za zamani kikiisha bila kusikia kitu chake anasema, "Basi, Jumapili ijayo." Umesema watu wameanza kumcheka. Umesema siku hiyo hagusi chakula mpaka kipindi kiishe, na amekonda. Halafu umeniuliza, "Rosa, ni lini? Niambie ukweli." Ukweli ndio huu. Hazitapigwa. Si Jumapili ijayo, si mwaka ujao. Soma barua hii peke yako mpaka mwisho, na usimsomee Baba.

Wewe ulikuwa umeshaolewa wakati Baba alinifundisha zile nyimbo. Alirudi nazo kutoka vita vya Burma, ambako alikuwa mpiga tarumbeta wa jeshi. Kambini walikuwa na gramafoni na santuri za jaz, za Wamarekani weusi, akashika zile tuni kwa masikio tu. Aliporudi akazitilia maneno ya Kiswahili, akapata wenzake watatu, wakapiga jaz kwenye maholi ya hapa Sisibo, kama yeye bado anavyoiita Eldoret, mpaka magitaa yakaja na watu wakataka mambo mengine. Tarumbeta akaiuza. Nyimbo zikabaki kichwani mwake na kichwani mwangu, basi. Hakuna santuri hata moja waliyowahi kutoa. Alikuwa anasema hajali. Wewe na mimi tunajua alikuwa anajali.

Kwenye bendi nimeimba miaka kumi na moja, hapa hotelini, kila wikendi. Nyimbo za kucheza, za magitaa. Lakini watu wakienda kula, Kapteni, yaani kiongozi wetu wa bendi, alikuwa ananiachia niimbe moja ya Baba, na saksafoni na besi peke yake, pole pole. Wengi walikuwa wanaendelea kutafuna. Siku moja Mheshimiwa fulani wa upande huu akaacha sahani yake, akasimama. Wimbo ulipoisha akaniita mezani, akaniuliza, "Huu umeutoa wapi? Nilikuwa karani kijana, nilicheza wimbo huu na mama watoto kabla hajawa mama watoto." Nikamwambia ni wa baba yangu. Akanivutia kiti. Baadaye akasema, "Hizi zinafaa ziwekwe kwa santuri, kabla sisi wote hatujakufa."

Jina lake silitaji humu. Ukifika mwisho utajua sababu.

Alilipa studio ya Nairobi, akalipa wapigaji, akalipa mpaka malazi yangu. Hakuniwekea masharti yoyote. Hata siku ya kurekodi hakuja. Ni santuri kubwa, nyimbo kumi, na kwenye jalada ni picha yangu peke yangu. Kapteni hiyo haikumfurahisha. Alisema mwimbaji wa bendi ni wa bendi, hawezi kujikata kipande akajiuza kivyake. Mimi nikamwona ana wivu, nikaenda.

Felista, sijawahi kuwa na furaha kama zile siku mbili. Walinipatia mzee mmoja wa tarumbeta, amestaafu kutoka bendi ya polisi. Alisikia tuni mara moja tu akaanza kucheka, kisha akapiga, na ilikuwa ni kama namsikia Baba kabla hajazeeka. Niliimba mpaka fundi wa studio akatoka kwenye kioo chake akaja kunishika mkono.

Sasa sikia kosa langu. Wewe si mtu wa dansi, kwa hivyo nikueleze. Kwa bendi zetu, muziki ukishachemka na mwimbaji amemaliza beti zake, anataja watu. Anamtaja aliyenunulia bendi soda, anamtaja fundi wa spika, anamtaja mchumba wa mpiga besi. Mtu akitajwa anajiona mtu. Baba hakupenda hiyo tabia hata kidogo. Alikuwa ananiambia, "Wimbo si baraza, Rosa. Nyamaza, wacha tarumbeta iongee." Lakini miaka kumi na moja si mchezo. Wimbo wa kwanza, pale maneno yanapoisha, mdomo wangu ukafunguka wenyewe nikamtaja Mheshimiwa, jina lake lote, na nyumbani kwake, nikamwita simba wa Uasin Gishu. Hakuna aliyenituma. Nilimtaja kwa sababu tumelelewa hivyo, ukila kwa mtu unasema asante watu wakisikia. Na nikiwa nimeshukuru kwa wimbo wa kwanza, ningeachaje wa pili? Nimemtaja kwa zote kumi.

Santuri zilipotoka kiwandani ndipo nilipokuandikia ile barua ya furaha, kwamba Baba akae karibu na redio siku za Jumapili. Mkono wangu mwenyewe uliandika hivyo. Wiki mbili baadaye nilikuwa napiga gauni pasi, taarifa ya habari ya saa saba ikasema Mheshimiwa amefukuzwa kwenye chama. Ati alionekana na watu wasiofaa, ati anajijengea jina. Chama ni kimoja tu nchi nzima, na wewe unajua mtu akifukuzwa anakuwa nini. Wale waliokuwa wanampigia makofi juzi ndio walikuwa wa kwanza kusema hawamjui. Hapa hotelini picha yake ilitoka ukutani siku hiyo hiyo, na mwenye hoteli akatundika kalenda pale pale.

Mimi sikuelewa haraka. Nilidhani nyimbo ni nyimbo. Nilienda Nairobi na santuri moja kwenye bahasha, nikaonana na bwana mmoja mwenye miwani, ndiye anayechagua nyimbo za kile kipindi. Mtu mzuri. Aliweka sindano, akaanza kutingisha kichwa, vidole vikicheza mezani. Akasema, "Mama, hii ni kazi. Mzee wako yuko hai?" Nikasema yuko hai, anangoja. Kisha jina likafika. Aliinua sindano kama ameungua, akatazama mlango.

"Umemtaja kwenye nyimbo nyingine?"

"Kila wimbo."

"Hakuna hata mmoja uliomsahau?"

"Hakuna."

Akairudisha santuri kwenye jalada lake, pole pole, akanipa. Akaniambia yeye ana watoto sita. Akaniambia nisiseme nilifika kwake. Nilimuuliza kama lile jina haliwezi kukatwa, akasema kwa wimbo mmoja labda, lakini mimi nilimtaja juu ya muziki wenyewe, ukikata jina unakata na tarumbeta. Kwa fundi wa studio nilipata jibu hilo hilo. Dawa ni kuimba upya zote, na anayelipa ni nani? Wenye maduka walikuwa wameshanirudishia makatoni ya santuri. Wengine hawakutaka hata niingie nayo mchana.

Nilimwendea Kapteni kumwomba bendi. Nilipiga magoti, Felista, mimi ambaye unanijua. Alisema, "Ulitoka kwenda kuimba peke yako. Sasa kaa peke yako." Nafasi yangu amempa msichana wa kutoka Webuye, na kusema kweli anaimba vizuri. Mwenye hoteli alinionea huruma akanipa kazi ya kufua mashuka. Ndiyo hiyo mikono niliyokuambia. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu.

Mwisho nilienda kwa Mheshimiwa mwenyewe, huko Kaptagat. Zamani ulikuwa huwezi kupata mahali pa kuegesha gari kwake. Nilikuta ng'ombe, mbwa, na yeye amevaa gambuti, anatengeneza ua kwa mkono wake. Mama, mke wake, alinipa chai. Niliwaza nitamwomba anisaidie niimbe upya, bila jina, yeye mwenyewe atapenda. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Zimebaki ngapi?" Nikasema karibu zote. Akasema, "Zichome."

Nilidhani anatania. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Ameandika barua ya kuomba msamaha, anangoja, kuna mtu amemwahidi anaweza kurudishwa. Lakini wakisikia kuna santuri nzima inamwita simba, watasema ndiyo hiyo, si tulisema anajijengea jina. "Ulinipenda, binti yangu," akasema, "lakini hiyo santuri yako ndiyo itanimaliza." Nikamuuliza, na baba yangu je? Anakaa kwenye redio kila Jumapili. Alitazama chini. Akasema hawezi kunipa hata senti ya kuimba upya, kwa sababu watauliza nani amelipa.

Nilipoinuka kwenda akaniomba nimwimbie ule wimbo aliocheza na mke wake. Mama akafunga dirisha kwanza. Nikaimba nikiwa nimesimama pale na pochi yangu mkononi, chini chini, na pale penye jina lake nikanyamaza. Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira, naomba Mungu anisamehe. Nilimwonea huruma na nikamchukia, yote mara moja, na mpaka leo sijajua ni lipi lilikuwa kubwa.

Nimezichoma. Kule nyuma tunakochemsha maji ya mashuka kuna moto kutwa nzima. Santuri haishiki moto kama kuni, inajikunja, inatoa moshi mweusi wa kukaba koo. Wenzangu waliniuliza ninachoma nini, nikasema takataka za hoteli. Nilibakisha moja. Nilikuwa nataka kukuletea Krismasi, tukaazime gramafoni ya kanisa, Baba asikie hata mara moja tu halafu tuivunje. Nililala juu yake mwezi mzima. Lakini wewe unamjua Baba. Angesikia mara moja angemwita naibu wa chifu aje asikie ya pili. Angeibeba mpaka sokoni. Ungemwambia jina hilo lina hatari, naye angesimama barazani kuuliza mbele ya watu ni kwa nini nyimbo zake zimenyimwa redio, na aliyepigana Burma haogopi mtu. Wangemchukua, Felista. Mzee wa umri ule, na kikohozi kile. Kwa hivyo Alhamisi iliyopita ile moja nayo nimeichoma. Sasa hakuna.

Sina jipya la kukupa. Sidhani kama nitaimba tena. Kapteni hanitaki, na bendi nyingine za hapa zimesikia mimi ni mtu wa kujitenga. Wakati mwingine nafungua mdomo hapa kwenye karai nisikie kama sauti ipo. Ipo. Sijui ya kazi gani.

Msalimie shemeji yangu Patroba, mwambie nashukuru kwa kumtunza Baba kama mwanawe. Msalimie Shangazi Yunia, dada ya Baba, na umwombe asiache kumletea uji. Msalimie mama mdogo Tabitha, na mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kupumua. Watoto wako wote wabusu vichwani, Mungu awatunze.

Sasa naja kwa lile ninalotaka ufanye. Baba akiendelea hivi na hiyo redio atakufa kwenye kiti. Ukimwambia zimekataliwa, atakwenda kwa chifu. Kwa hivyo mwambie sikuziimba. Mwambie pesa za kurekodi nilizila, nikanunua viatu, nikadanganya kwenye barua, na studio sijui hata iko wapi. Atakuamini, alisema tangu nikiwa mdogo kwamba mimi ni mvivu. Atavua koti, atakula. Mwambie mbele ya majirani, ili wasimcheke yeye tena, wanicheke mimi. Na akianza kunitukana, tafadhali dada, usinitetee.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Rosa