Maji ya Maua Kwenye Betri

Jumatatu, 6 Aprili

Siku ya kwanza kazini — na nimechelewa!

Pikipiki imenifanyia vitimbi. Nimefungua swichi, taa ya dashibodi ikawaka kidogo, nikabonyeza stata: tik. Nikabonyeza tena: tik, tik, tik. Basi. Kiki haina, ilivunjika tangu enzi za kaka yangu Larbi, na alipoiacha akaniapia kwamba stata inatosha. Inatosha nini! Mama akatoka na kanzu ya kulalia, akashika nyuma, tukasukuma mpaka kwenye tanuri la mtaa. Wanawake waliokuja na mbao zao za mikate wakaweka mikate chini wakasukuma nao. Ikawaka. Wakapiga vigelegele kana kwamba naolewa.

Shuleni ni kilomita ishirini na mbili kutoka hapa Marrakech, njia ya Ourika. Nilifika saa mbili na dakika kumi na moja. Mwalimu mkuu, Bwana Benhaddou, ana daftari la mahudhurio ambalo halimwachii mtu. Hulibeba kwenye mkoba wa ngozi, huenda nalo mpaka nyumbani. Saa mbili kamili hupiga mstari mwekundu, na atakayeingia baadaye jina lake huandikwa chini ya mstari. Mimi ni mwalimu wa tatu mwaka huu. Wawili waliotangulia walishindwa na njia. Nina wiki moja ya majaribio: nikiandikwa chini ya mstari mara tatu, kazi anapewa mwingine.

Miaka tisa nimekaa nyumbani nashona vifungo vya majoho ya watu, cheti cha ualimu kiko sandukuni. Sirudi kwenye vifungo. Nimesema.

Jumanne, 7 Aprili

Nimewahi! Dakika mbili kabla ya mstari. Lakini ni kwa nguvu za wanawake wa tanuri, si za pikipiki.

Kila mtu mtaani ni fundi. Jirani wa juu kasema plagi, nikanunua plagi. Muuza karanga kasema petroli ina maji. Shemeji yangu kasema wanawake hawajui kubonyeza stata.

Baada ya shule nikaenda kwa Fundi Bouchaib, yule wa karibu na lango la mji, ambaye hagusi spana kabla hajamaliza chai yake. Hakufungua kitu. Aliniambia niwashe taa kubwa, niitazame ukutani, halafu nibonyeze stata. Taa ikafifia mpaka ikazimika. Akaniambia nipige honi. Ikalia kama mbuzi mwenye kikohozi.

"Umeona, Mwalimu?" akasema. "Taa ingebaki na nguvu zake ningetafuta ubaya kwenye stata. Imekufa pamoja nayo. Hapa mwenye njaa ni betri."

Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe. Akavisafisha kwa maji ya moto na brashi ya meno. Akaichaji saa mbili. Kisha akanionyesha mistari ubavuni mwa betri: maji yameshuka chini kabisa. Niongeze maji ya betri, na si ya bomba, maana ya bomba yana chumvi. Maji ya betri ni yale yaliyochemshwa yakawa mvuke, mvuke ukarudi kuwa maji. Nikapita kituo cha mafuta, yamekwisha. Nikamweleza Mama yote haya tukila dengu, nikaenda kusahihisha madaftari. Nina furaha! Imewaka mara tatu mfululizo pale kwa fundi.

Jumatano, 8 Aprili

Balaa.

Asubuhi hata tik haikusema. Taa hakuna. Wanawake wa tanuri wakasukuma mpaka mwisho wa barabara, wapi! Nikachukua teksi ya abiria sita ambayo haiondoki mpaka ijae, na wa sita alikuwa anamuaga mama mkwe wake. Saa tatu kasoro dakika tano. Chini ya mstari, mara ya pili.

Nikamwambia Bwana Benhaddou kwamba ni betri. Hakuinua macho. "Betri si sababu, Mwalimu Touria. Anayetaka kufika hufika." Yeye ana skuta mpya kubwa, nyeusi, haina gea wala kiki. Huipangusa kwa leso wakati wa mapumziko. Nilitaka kulia, nikaenda kufundisha kutoa kwa kukopa.

Alasiri tukaikokota kwa Fundi Bouchaib, mimi na Mama. Mama alikuwa kimya njia nzima, na Mama si mtu wa kunyamaza. Fundi akapima kwa mita, akakunja uso. Akafungua vifuniko vya betri. Akanusa. Akaniangalia. Akanusa tena, akamwita muuza viatu wa jirani, naye akanusa.

Maua ya michungwa! Betri inanukia kama bibi harusi!

Mama akasema ndiyo, ni yeye aliyeyatia usiku. Si fundi alisema maji yaliyotoka kwenye mvuke? Basi yeye ana chungu chake cha shaba, wiki nzima anavukiza maua ya michungwa kupata maji ya manukato, na maji ya chungu kile ni safi kuliko ya kituo chochote cha mafuta. Alitaka niamke nikute kazi imekwisha.

"Maji yangu yanaingia kwenye maziwa wanayonyweshwa maharusi," akamwambia fundi, "leo yashindwe na pikipiki?"

"Lalla Rkia," fundi akamwita Mama kwa heshima, "maharusi hawana asidi tumboni."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka. Machozi yalimlengalenga, akauliza kama ni yeye aliyenitia chini ya mstari. Hapo na mimi nikaacha kucheka. Fundi akamulika ndani kwa tochi, akamwonyesha vibati vilivyofanya ukungu mweupe. Betri hii imeona viangazi vitano vya Marrakech, akasema, ilikuwa imeshakufa kabla ya maua. "Wewe umeiosha maiti tu," akamwambia. Mama akaridhika. Nusu.

Alhamisi, 9 Aprili

Betri mpya! Nagusa tu, inaitika. Jana jioni fundi alipima injini ikinguruma: volti kumi na nne na kidogo. Maana yake pikipiki yenyewe inachaji vizuri, mgonjwa alikuwa betri peke yake.

Nimefika saa mbili kasoro robo. Bwana Benhaddou akatazama saa ya ukutani, akatazama yake. Juu ya mstari. Kesho ni siku ya mwisho.

Mama kawapelekea wanawake wa tanuri chupa moja moja ya maji ya maua. Ya fundi kubwa zaidi.

Ijumaa, 10 Aprili

Naandika nimekaa kando ya njia ya Ourika, daftari juu ya goti.

Niliondoka mapema, upepo mzuri, naimba. Kilomita ya kumi na nne nikaona skuta nyeusi ukingoni na mtu wa suti anaikemea. Bwana Benhaddou. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini. Nilimpita. Kweli, nilimpita, hatua mia mbili hivi, na kila hatua nilisema mara ya tatu, mara ya tatu. Nikageuza.

"Nenda, Mwalimu. Utachelewa."

"Na wewe je, Bwana?"

"Mimi nina sababu."

"Ni ile ile niliyokuwa nayo Jumatano."

Nikamwambia awashe taa, abonyeze. Ikafifia, ikazimika. Tik. Kusukuma hakusaidii, haina gea. Nikafungua kiti cha pikipiki yangu, betri iko chini yake, nikamwambia tukipata nyaya mbili, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, betri yangu itaiamsha yake. Muuza chai mwenye kibanda hapa kando ya njia amekwenda kwao ng'ambo ya mfereji kutafuta nyaya. Hajarudi. Nimekataa kuondoka. Sijui kwa nini nimekataa. Bwana Benhaddou kasema mara mbili niende, ya pili kwa sauti ndogo.

Saa mbili kamili. Tumeitazama ikipita, kila mtu na saa yake.

Saa mbili na dakika nne. Muuza chai anaonekana mbali, ana kitu mkononi, labda nyaya.

Bwana Benhaddou kafungua mkoba. Katoa daftari la mahudhurio, kaliweka juu ya kiti cha pikipiki yangu, kafungua ukurasa wa leo. Jina la juu kabisa ni lake. La chini kabisa ni langu. Anapapasa mifuko ya koti. Kalamu nyekundu kaiacha nyumbani. Anauliza kama ninayo ya kumwazima. Iliyopo ni hii tu ninayoandikia, mkono wake umeshanyooka, na sijui ataandika chini ya mstari jina moja, au mawili, au