Filimu Iliyomuita Babu Musaliti

Kinshasa, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Papa mupenzi,

Salamu kutoka huku. Mimi niko muzima, kile kikohozi kimeniacha. Sijui goti lako linaendelea namna gani, na kama dada Djamila na watoto wake wanalala vizuri. Djamila akusomee hii kwenye telefoni yake. Jibu uandike kwa mukono kama ulivyozoea, yeye apige picha anitumie. Napenda kuona mwandiko wako.

Bon, habari yenyewe ni hii. Ile filimu ya vita tuliyoipiga mwaka jana, ya namna nchi yetu ilivyozaliwa, imekwisha na imeanza kutembea. Inaitwa *Bendera Juu ya Maji*. Itafika Kisangani, kwenye sale, ule ukumbi wa parokia kule kwetu mutaa wa Tshopo. Utaniona kwenye ukuta muzima, Papa, uso wangu mukubwa kama mulango. Nimecheza mutu muhimu. Usiniulize ni nani, nenda ujionee.

Na umupeleke rafiki yako tonton Édouard. Toka nikiwa kidogo ananiambia kazi yangu ni kupika uongo. Aone sasa ulivyoiva.

Mutoto wako,
Rashidi

*

Kisangani, tarehe 24 mwezi wa tatu

Mutoto wangu Rashidi,

Salam aleikum. Goti linauma mvua ikikaribia, kwa mengine tunashukuru. Djamila anakusalimu. Leo amepika pondu na samaki, lakini nimekula kidogo tu.

Tulienda. Sale ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nilivaa kanzu yangu ya Idi, nikakaa na Édouard mustari wa pili. Unajua sisi wawili hatukai mbali. Baleinière yetu, ile mashua ya mbao, tuliijenga pamoja, yeye anashika usukani, mimi naangalia abiria na mizigo, na mwaka wa ishirini sasa tunapanda na kushuka Isangi bila ugomvi. Alikuwa ananigonga kwa kiwiko: "Mutoto wetu iko wapi?"

Kisha ukatokea. Na kanzu. Na kofia. Mutu wa mutumbwi, Muisilamu wa Kisangani, anamuvusha kijana anayepigania uhuru. Anamulaza ndani ya mutumbwi, anamuambia: "Lala chini, maji yasikuone." Hapo kiwiko cha Édouard kiliacha kunigonga. Halafu anamufikisha ng'ambo moja kwa moja mikononi mwa askari. Sale nzima ilipiga kelele. Walikutukana, Rashidi. Na mimi nikaangalia kanzu niliyoivaa.

Kabla ya mwisho courant ya umeme ilikatika, na humo ndani ya giza kila mutu akaanza kutoa maoni yake. Mwalimu Fiston alisema bunduki ni za kweli lakini kofia za askari si za wakati ule. Mama moja alisema amelia, kwa sababu hajawahi kuona vita vya nchi yake vyenye sura za watu wake. Kijana moja akasema filimu za Wazungu zinapigana vizuri zaidi. Watu wakacheka. Kisha sauti ya mutu nyuma ikasema: "Hawa watu wa kanzu walituuza mara ya kwanza kwa minyororo, mara ya pili kwa mutumbwi. Leo tumeona." Watu wakaacha kucheka. Walikuwa wanafikiri.

Courant iliporudi, nikageuka nimuambie Édouard neno. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilimufuata kwake. Muke wake Grâce alisimama mulangoni, hakunikaribisha. "Papa Édouard iko analala," alisema. Na mimi nilisikia kikohozi chake nyuma ya pazia.

Nakuuliza, na unijibu wazi. Yale maneno ya mutumbwi, nani alikupa?

Papa yako,
Zuberi

*

Kinshasa, tarehe 28 mwezi wa tatu

Papa mupenzi,

Pole kwa goti, na pole kwa siku hiyo. Huku afya iko, roho tu ndiyo imekuwa nzito toka nimesoma mwandiko wako.

Maneno ni ya babu Hemedi. Kwenye karatasi za filimu waliandika "Nyamaza" tu. Wakaniambia nitafute neno ambalo mutu wa muto wetu angesema. Nikamukumbuka babu. Tukipanda mutumbwi wa watu kuvuka, alikuwa anatubonyeza kichwa chini na kusema hivyo, hata muchana kweupe. Tulicheka sana. Ndilo neno la mutumbwi nililokuwa nalo, nikalitoa.

Kanzu si yangu. Yule mutu ninayemucheza alikuwa muvuvi tu, bila dini. Wakubwa wa filimu walisikia jina langu na muji wangu, wakasema vaa kanzu, itapendeza. Nilikataa. Wakaniambia wengine wako nje wanangoja nafasi. Nikavaa.

Lakini hadithi ni ya kutunga. Aliyeiandika hajafika Kisangani hata siku moja. Hakuna mutu aliyemusimulia kitu juu ya familia yetu. Papa, mbona unaniuliza kama polisi? Ni filimu. Watu wataongea wiki moja, kisha watasahau.

Mutoto wako,
Rashidi

*

Kisangani, tarehe 14 mwezi wa nne

Mutoto wangu,

Salamu. Tuko wazima wa mwili. Natumaini na wewe unakula vizuri.

Hawakusahau. Wazee wamekumbuka babu Hemedi alikuwa na mutumbwi, na sokoni wanamuuliza Djamila babu yake aliuza watu wangapi. Anafunga meza yake ya samaki mapema siku hizi, na kwangu anasema samaki wameisha. Nimeona samaki wenyewe ndani ya beseni.

Édouard alikuja juzi. Nilimutolea kiti, hakukaa. Aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Zuberi, unajua papa yangu Noël alipotea mwaka ule wa vita vya filimu hii, mimi nikiwa bado tumboni. Wewe unajua hilo tu. Sasa nakuambia lingine. Mama yangu alimusindikiza mpaka kwenye muto Tshopo, chini ya maporomoko. Mutu wa mutumbwi alikuwa amejifunika uso. Mama hakumujua. Lakini alisikia neno alilomuambia papa. Lala chini, maji yasikuone. Mama amenirudilia neno hilo toka ninyonye. Hakuna mutu mwingine analijua. Sasa mutoto wako analisema mbele ya muji muzima, na kanzu juu. Alilipata wapi?"

Nilimuambia ni neno la babu Hemedi. Nilidhani ukweli utamutuliza. Aliniangalia kama mutu aliyeumwa na nyoka aliyemufuga mwenyewe.

"Donc, kumbe ni papa yako," alisema. "Na wewe miaka yote hii unakula na mimi sahani moja."

Toka siku ile baleinière imefungwa kamba. Hataki kupanda na mimi, na mimi siwezi kuiendesha peke yangu. Ameniambia pia nisithubutu kumukaribia mama yake Augustine kule Yanonge.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamuambia Djamila. Mimi mwenyewe nimeanza kumushuku papa yangu. Kabla ya vita alikuwa mutu wa mutumbwi. Baada ya vita akawa mushonaji, na mpaka kifo chake hakushika tena kasia. Tulimuuliza, alisema mugongo unamuuma. Lakini mugongo ule ulikuwa unainama juu ya charahani kutoka asubuhi mpaka jioni bila malalamiko. Mutu wa muto anaacha muto kwa sababu gani?

Wewe ndiye ulikuwa naye wakati wa ugonjwa wake. Mimi nilikuwa Isangi. Alikuambia nini? Kama alimuuza yule mutu, sema. Kama unanificha, hilo ndilo sitakusamehe.

Papa yako,
Zuberi

*

Kisangani, tarehe 9 mwezi wa tano

Rashidi,

Djamila anasema umesoma, alama zimeonekana kwenye telefoni. Hujaandika. Mutu anayejua hakuna kitu anajibu siku ile ile kwamba hakuna kitu.

Sikuulizi hata kama uko muzima. Naona uko.

Zuberi

*

Kinshasa, tarehe 12 mwezi wa tano

Papa,

Nisamehe kwa kimya. Niko muzima, na nawaombea muwe wazima. Nilianza barua hii mara nyingi nikaifuta, kwa sababu ninachojua ni kidogo, na niliogopa kitakuumiza kuliko kutojua.

Babu alipokuwa mugonjwa, homa ikipanda, alikuwa haniiti Rashidi, aliniona mutu mwingine. Nikitaka kusimama nimuletee maji, ananishika mukono kwa nguvu, nguvu ambayo hakuwa nayo tena kwa kitu kingine, na kusema, "Lala chini, maji yasikuone." Nilikuwa nalala kando yake ili atulie. Neno lenyewe nilikuambia ni la babu. Ambalo sikukuambia ni kwamba siku moja alianza kulia. Akasema: "Nilikuambia usisimame. Kwa nini ulisimama? Wako pale darajani." Akarudia hivyo mpaka homa iliposhuka. Halafu akaomba uji, akaula, akaniuliza habari za shule.

Nilidhani ni homa inaongea. Nilikuwa mutoto, nikasahau. Barua yako ndiyo imenirudishia.

Mimi naona hakumuuza mutu. Naona yule mutu alisimama ndani ya mutumbwi na askari wa darajani wakamupiga. Lakini sikuwepo, na sina shahidi, na kazi yangu unaijua. Nani atanisadiki?

Mutoto wako,
Rashidi

*

Kisangani, tarehe 2 mwezi wa saba

Mutoto wangu mupenzi,

Salam aleikum na baraka. Goti limepona kidogo, au nimelizoea. Watoto wa Djamila wamemaliza shule, wanapiga kelele nyumbani kutwa. Na wewe, homa za Kinshasa zikuache.

Nimekaa kimya siku nyingi kwa sababu nilitaka kukuandikia jambo lililokwisha.

Barua yako nilimupelekea Édouard, Djamila akaisoma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mutoto wako analipwa kulia. Anaweza kulia na kwenye karatasi." Mimi pia wazo hilo lilikuwa limenipitia.

Basi nilifanya alilonikataza. Nilipanda baleinière ya watu wengine mpaka Yanonge. Humo ndani walinijua, wakaacha kuongea, na mama moja akasogeza beseni lake mbali na mimi, kama vile ningeuza hata beseni. Nilimukuta mama Augustine nyuma ya nyumba, anamenya makemba, zile ndizi za kupika. Amepita miaka themanini, lakini masikio yake yako mazima. Nilijitambulisha: "Mama, mimi ni Zuberi wa Hemedi. Inasemekana papa yangu alimuvusha bwana yako." Kisu kikasimama. Akaniambia, "Sema yote."

Nilisema yote, na ya homa pia. Nilipofika kwenye "nilikuambia usisimame", aliweka kisu chini.

Akasema: "Noël alikuwa mutu wa Yanonge. Toka anioe sijamuona akikaa ndani ya mutumbwi. Alisema kukaa ni kwa magunia. Nikamuambia siku ile, bwana, fanya kama huyu mutu anavyosema. Akacheka." Kisha akasema: "Bunduki nilisikia. Waliniambia wanapiga ndege. Nilitaka kuwasadiki."

Akaniuliza alizikwa wapi. Nilimuambia papa yangu hakusema. Akaniuliza kwa nini alinyamaza miaka yote. Nilimuambia ninavyofikiri: wakati ule aliyemuvusha mutu kama Noël aliuawa pia, na baadaye, mutu wa kanzu akisema mwenzake alikufa mikononi mwake, nani angemungojea amalize kusema? Aliniagiza nimuite Édouard, anataka kuiona hiyo filimu.

Ilionyeshwa tena tarehe thelathini mwezi wa sita, sikukuu ya uhuru. Édouard alimuleta akimushika mukono, hakuniangalia. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mulango. Sale ilijaa kama mara ya kwanza. Ulipofika pale unapomutoa yule kijana kwa askari, na watu wakaanza kukutukana, mama Augustine akasimama. Kivuli cha kichwa chake kiliingia kwenye ukuta wa picha, watu wakasema, mama kaa chini. Hakukaa.

Alisema: "Sivyo. Mimi nilikuwepo. Bwana yangu ndiye huyo. Mutu wa mutumbwi hakumuuza, alimuambia alale, na bwana yangu akasimama."

Kijana moja akamujibu kwa heshima, kama bibi yake, "Koko, ni filimu tu."

Akageuka kumutafuta aliyesema. "Kama ni filimu tu, mbona munamutukana Zuberi barabarani?"

Walizima mashine. Nilisikia watu wanatafuta viatu vyao.

Usifikiri mambo yamelainika. Kesho yake walishaanza kusema tumemupa muzee samaki ili aseme vile, na kwamba mutu wa umri wake anaweza kuambiwa akumbuke kitu chochote. Wengine watasema hivyo mpaka watuzike. Lakini jana Djamila aliuza mpaka jioni, hilo niliona kwa macho.

Leo asubuhi Édouard alikuja. Alikaa. Chai ilipoa bila kuguswa. Kisha akasema: "Toka nizaliwe namutafuta aliyemuuza papa yangu. Hasira ninayo, lakini sasa haijui iende kwa nani."

Nilimuambia aipakie na mizigo mingine, tuende nayo Isangi. Hakucheka. Alitangulia kwenye maji, akaanza kufungua kamba, na mimi ninamaliza barua hii kwa haraka kwa sababu abiria wameanza kufika.

Papa yako,
Zuberi