Taa Mpya Ziko Kabatini Mwangu

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili sijamwambia mtu, na ukweli ni kwamba hata mtu wa kumwambia sina. Mimi ni fundi wa ndege ndogo, nina miaka sitini na moja, nafanya kazi kwenye banda la mwisho la uwanja mdogo ulio nje ya mji, mahali ambapo zamani tulikuwa mafundi sita na kelele mpaka unaziba masikio, sasa wenye ndege wamehamia uwanja mkubwa na wenzangu wakawafuata, nimebaki mimi na redio na mlinzi wa getini ambaye hunipungia mkono asubuhi na jioni, basi. Mama watoto alifariki miaka minne iliyopita. Binti yetu yuko mbali, hunipigia kila Jumapili, ananiuliza, "Baba, umekula?" namwambia nimekula, anasema, "Haya baba," tunakata. Kuna siku natamka neno la kwanza saa tano asubuhi, na ninayemwambia ni spana iliyoniangukia mguuni.

Ndege ninazotunza ni tatu. Mbili wenyewe hawaji tena, ya tatu ni ya daktari wa meno, mtu wa rika langu, mpole, mwenye utani, ambaye ukicheka mbele yake hakuangalii usoni, anakagua magego. Ananiita Fundi, namwita Daktari. Jumanne na Alhamisi huruka kwenda kutibu watu wa mbali, na siku hizo hupita mbio, anapunga mkono tu kwa sababu wagonjwa wanamsubiri. Ndege yake ni ya zamani, na taa zake mbili za kutua, zile ambazo rubani huwasha anaposhuka ili aone njia na yeye aonekane, zinatumia balbu za kizamani zenye uzi mwembamba ndani, na balbu hizo huungua. Ikiungua moja, Daktari huja Jumamosi na mkate kwapani, anakaa juu ya kreti mpaka nimalize kuibadilisha, nami simalizi upesi. Tunaongea. Wala si mambo makubwa, mshauri, tunaongea habari za upepo, magoti yetu, mgonjwa aliyemng'ata kidole, na siku moja akaniuliza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani, nikamweleza saa nzima, na hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza swali hilo tangu tumzike. Baada ya siku ile nilinunua kikombe cha pili.

Sasa sikia kosa langu. Balbu hizi zina sharti moja ambalo kila fundi hufundishwa mapema: kioo chake hakiguswi kwa mkono mtupu. Unavaa glovu, na ukigusa kwa bahati mbaya unafuta kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya kidole yakibaki pale, kioo kinapata joto kupita kiasi mahali hapo na balbu inakufa kabla ya wakati wake. Mwaka jana, nikiwa nabadilisha ya kushoto, niligusa bila kukusudia, nikaiona alama ya kidole changu, chupa ya spiriti iko mezani hatua mbili tu, nikaiangalia ile alama, kisha nikafunga taa hivyo hivyo. Wiki ya tatu ikaungua na Daktari akaja na mkate. Mara iliyofuata, mshauri, sikusahau glovu. Nilizivaa, halafu nikazivua.

Nimefanya hivyo mara tano. "Fundi, taa hizi zina mdudu gani?" akawa ananiuliza, nami namjibu kwamba balbu za siku hizi ni za kubabaisha. Mwishowe akasema tuachane nazo, tufunge taa za kisasa, zile zisizo na uzi wa kuungua, akaniachia kila kitu mkononi mwangu, nikaagiza, nikatafuta vibali vyake vyote. Zilifika wiki kumi na moja zilizopita. Nilizifungua peke yangu, na ni nzuri kweli, nyepesi, hazili umeme, mwanga wake mweupe, na kwenye karatasi yake wameandika zitadumu maelfu ya saa, yaani kwa anavyoruka Daktari zitatuzika sisi wote wawili. Nikakaa chini. Nikaona kwamba nikishazifunga tu, atakaa na mimi mara moja kwa mwaka, siku ya ukaguzi wa ndege, nikajikuta nahesabu maisha yangu yaliyobaki kwa siku za ukaguzi, nikaona ni chache. Basi nikaziweka kabatini chini ya ovaroli zangu, na alipouliza nikasema bado ziko njiani. Huuliza kila anapokuja.

Alhamisi moja, wiki mbili zilizopita, alikuwa anarudi saa kumi na moja jioni na wingu zito limeshuka. Kuna mama anayekata nyasi pale uwanjani, anasukuma mashine yenye kelele na amefunika masikio, kwa hiyo hasikii ndege, yeye hufanya kazi huku akitupia jicho angani, akiona taa anatoka njiani. Taa ya kushoto ilikuwa imeungua tangu Jumanne, tunaingoja Jumamosi, na ya kulia, yenye kidole changu, ikafa Daktari akiwa anashuka. Mama wa watu alikuwa katikati ya njia, anavuka na mashine yake. Nilikimbia napunga kitambaa, napiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Daktari alimwona dakika ya mwisho, akaipandisha ndege, akapita juu yake kiasi cha kumng'oa kilemba kichwani. Nilipomfikia yule mama alikuwa ameketi kwenye nyasi, akaniambia taratibu tu, "Fundi, mimi sikuona taa."

Daktari alipotua alikwenda kumwomba radhi, akasema kosa ni lake, hakupaswa kuruka na taa moja tu nzima. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimekunja mikono, nikamwacha aombe. Kesho yake nilibadilisha balbu zote mbili nikiwa na glovu. Jumatano akaja, hana safari, hakuna kilichoungua, akasema amepita tu kuangalia upepo, akanywa chai, akaniuliza habari za gego langu linalonisumbua tangu mvua zilizopita, nikamwambia limepoa, kumbe halijapoa hata kidogo, akaondoka. Ni dakika arobaini za gari kuja na arobaini kurudi.

Mshauri, nikimwambia ukweli atanichukia na nitampoteza mara moja. Nikizifunga zile taa kimya kimya nitampoteza polepole. Nikiendelea hivi nitamuua, yeye au yule mama. Niambie kama ipo njia ya kuzifunga taa hizi nisibaki peke yangu.

Ni mimi,
Fundi wa Banda la Mwisho

*

Kaka yangu Fundi,

Barua yako sikuiacha ingoje gazeti. Namba yako uliiandika nyuma ya bahasha, nikakupigia siku hiyo hiyo kukuambia neno moja, ndege isiruke, ukakubali, na neno hilo moja likatuchukua dakika hamsini, thelathini zikiwa za hali ya hewa. Sikukata, maana kila nilipotaka kuaga nilisikia unavyotafuta la kuongeza. Pole sana. Pole kwa mkeo, na pole kwa hizo siku zako zinazoanza saa tano. Pole zimeisha, sasa nakuja kwako.

Usiniambie habari za alama ya kidole kana kwamba kidole kilijiendea chenyewe. Ulivua glovu. Mtu mzima na mvi zako, mara tano, ulisimama mbele ya taa ya rafiki yako ukaiharibu kwa makusudi, kisha ukampikia chai. Yule mama ameweka uhai wake kwenye taa hizo kila siku anaposhika mashine yake, wala hajui kama wewe unazifanyia mchezo. Na ulipomwacha Daktari aombe radhi kwa kosa lako, huku umesimama umekunja mikono, hapo ndipo uliponiudhi kuliko balbu zote tano. Umpende mtu halafu umharibie kitu kinachomshusha salama? Hapana, kaka.

Sasa fanya hivi. Toa taa kabatini uziweke mezani, lakini usizifunge bado, kwa sababu ndege hiyo haiguswi na mkono wako tena mpaka mwenyewe ajue. Mpigie Daktari, mwambie aje, na akifika usianze na chai. Mwambie: niligusa kioo kwa makusudi mara tano, na taa zako mpya ziko hapa tangu wiki kumi na moja zilizopita. Ukiishia hapo, nyamaza. Usimtaje marehemu mkeo, habari zake anazijua, na usimtumie kama ngao. Kisha andika yote kwenye kitabu cha matengenezo cha ndege, kwa mwandiko wako, na uwapelekee taarifa wakubwa wa leseni yako kabla hawajakuita. Wakikusimamisha, utasimama. Daktari akitaka taa zifungwe na fundi mwingine, mshikie huyo fundi tochi na umpe bisibisi anayoitaka. Akikuachia wewe, na leseni ikiruhusu, fundi wa pili akague kila waya, muwashe na redio ya ndege, msikilize kama taa hazileti mkwaruzo ndani yake.

Na kwa yule mama uende kwa miguu yako. Usimpelekee somo la balbu, mpelekee radhi. Halafu siku taa zikishafungwa, mwombe asimame pale pale alipokuwa na mashine yake, Daktari aziwashe kutoka mwisho wa njia, nawe umuulize kama anaziona. Mpaka huyo aseme anaziona, kazi yako haijaisha.

Huenda Daktari akakasirika asirudi. Siwezi kukudanganya, ana haki hiyo. Ikiwa hivyo, utakunywa chai peke yako kama unavyokunywa leo, ila mtu wako atakuwa hai huko mjini, na hutakuwa unamwogopa mtu unayemngoja.

Lakini nimeisoma barua yako mara mbili, na kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Nani anaendesha gari dakika arobaini kwenda kuangalia upepo? Kwani nyumbani kwake hakuna dirisha? Jumatano ile hakukuwa na balbu iliyoungua, na alikuja. Alikuja akakuuliza gego lako, nawe ukamfungia mlango usoni kwa neno moja, limepoa. Jamani. Una jino bovu tangu mvua zilizopita, rafiki yako ni daktari wa meno, sababu ya kwenda kwake unalala nayo mdomoni kila usiku, na wewe umekaa bandani unamtengenezea yeye sababu za kuja kwako. Nilicheka peke yangu ofisini, halafu sikucheka tena, nikaona umesahau kabisa kwamba mtu anaweza kubisha hodi akiwa mikono mitupu.

Kwa hiyo ukishasema yote, na Daktari akibaki hata kidogo tu, mfungulie mdomo aone hilo gego. Jumapili binti akikuuliza kama umekula, mwambie umekula ukiwa peke yako na hukusikia ladha, umsikie atasema nini, maana nina hakika naye amechoka na "haya baba" hiyo. Na siku Daktari atakapoinuka kuondoka, taa zake zinawaka, hakuna kitu kilichoharibika wala kitakachoharibika, mikono yako itie mifukoni. Mwambie kwa mdomo: Daktari, njoo tena.