Kura Moja na Bomba la Jirani

Jumapili, Agosti. Ukungu umelalia majani ya chai tangu alfajiri. Sasa ni jioni na bado sijaiona nyumba ya jirani, naisikia tu.

Jamhuri ni nchi isiyomilikiwa na mtu yeyote, ambamo sheria humfunga kila mmoja, walio wengi wakiwemo. Demokrasia ni utaratibu wa kuamua kwa idadi. Ya pili hutuambia nani ataamua; ya kwanza hutuambia ni mambo gani hayapaswi kamwe kuletwa mbele ya waamuzi hao. Katiba yetu inasema Kenya ni vyote viwili. Nilipokuwa nikifundisha chuoni niliziandika fasili hizi mbili ubaoni sambamba, kana kwamba hazijawahi kugombana. Jana nilizishuhudia zikigombana chini ya tenki letu la maji.

Naandika hapa kwa kuwa blogu hii haina jina langu, na majirani zangu hawaisomi. Majina yao nimeyabadilisha.

Chanzo ni kura moja. Wadi yetu huanzia mpakani mwa msitu na kushuka hadi kwenye joto, kunakolimwa ndengu na miraa ya muguka. Katika uchaguzi wa mwakilishi wa wadi, sisi wa juu tulikuwa na mgombea wetu, na Nyaga, wakala wake kijijini, alimwahidi kura zote katika kapu moja. Mgombea naye aliahidi mabomba mapya, maana haya tuliyo nayo yameliwa na kutu. Usiku ule wa kuhesabu, msimamizi wa kituo aliinua karatasi moja baada ya nyingine mle darasani, akilisoma jina lile lile mpaka likawa kama mlio tu. Kisha akasoma jina jingine, la mwanamke wa upande wa chini. Mara moja tu. Watu wakaangua kicheko.

Nyaga hakucheka.

Mgombea wetu alishinda bila taabu. Kura ile haikumpunguzia kitu. Lakini alipokuja kutushukuru alisema, kwa mzaha, kwamba amesikia kuna mmoja wetu asiyempenda, na kwamba angefurahi kumjua kabla mabomba hayajafika. Mzaha wa mkubwa hausikiki kama mzaha. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimeamini kuwa mabomba hayaji mpaka mwenye kura apatikane, na macho yote yalikuwa yamemgeukia jirani yangu, Mama Mugendi. Ushahidi dhidi yake ni mmoja: aliolewa hapa kutoka kule chini.

Kura ile ilikuwa yangu.

Sikuipiga kwa ukaidi. Mwanamke yule wa upande wa chini alikuja hapa siku ya soko akasikilizwa na watu wachache waliokuwa wakingoja mvua ipungue. Alieleza mwakilishi wa wadi anaweza kufanya nini, kisha, kwa urefu zaidi, asiyoweza kuyafanya. Nilifikiri kwamba anayeijua mipaka ya kazi ndiye wa kukabidhiwa kazi. Wajibu wa mpiga kura, kwa jinsi ninavyouelewa, ni kupima sababu na si kuhesabu majirani. Nilipima, nikatia alama, nikarudi nyumbani nikapika ugali wa mtu mmoja.

Jana basi kulikuwa na mkutano wa mradi wa maji, ambao mimi ni mwenyekiti wake. Nyaga alisimama kabla sijamaliza kufungua kwa sala.

"Mwalimu, hapa hatuna siri. Huyo mtu ajitaje tu, tumsamehe, tuende tukanywe chai."

"Na asipojitaja, bomba litamtaja!" akasema mwanamke mmoja nyuma. Watu wakacheka.

"Mama Mugendi, nyinyi watu wa chini si mmezoea jua?" akadakia mwingine. "Tukifunga maji kidogo hutakufa."

Mama Mugendi alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, akimenya miwa. Hakuinua kichwa. "Nikiwaambia leo nilipigia nani, kesho mtaniuliza nilimwomba Mungu nini. Siwaambii."

Angeweza kusema, "Si mimi." Ungekuwa ukweli mtupu. Hakusema. Alikataa swali lenyewe, na sidhani kuna aliyeona tofauti hiyo isipokuwa mimi, niliyekuwa na sababu ya kuiona.

Niliwasomea kanuni zetu. Maji ya mwanachama hufungwa asipolipa ada, akiharibu bomba, au akinyweshea shamba wakati wa kiangazi. Kura aliyoipiga kwenye uchaguzi wa serikali haimo. Nikasema kwamba jambo hilo haliwezi kupigiwa kura hapa, hata sote tukikubaliana.

"Mwalimu, wewe ulitufundisha wengi wape," Nyaga akasema, kwa upole hasa, kama anayemkumbusha mzee alikoweka miwani. "Sisi si ndio wengi?"

Wakainua mikono afungiwe maji, bila kuniuliza. Ilikuwa mingi. Mikono ya watu ninaowapenda, waliobeba jeneza la mke wangu mteremkoni wakati wa matope. Wala si watu wabaya. Wana mabomba yenye kutu na watoto wanaougua tumbo, na wamepewa njia fupi ya kupata mapya. Hilo ndilo linalonitisha. Ningekuwa nimezungukwa na waovu ningelala vizuri.

Spana ya kufungia valvu huwa kwa mwenyekiti. Ilikuwa mfukoni mwangu na nilikataa kuitoa. Wakaamua kwamba Jumamosi ijayo watachagua mwenyekiti mwingine, na kuchagua mwenyekiti ni haki yao kikanuni. Hapo sina pingamizi. Maji ya Mama Mugendi yana siku hizo tu.

Tulipotawanyika, Muriithi, ambaye hurudi nami kila mara tukibishana kuhusu bei ya kahawa, alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine. Leo kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi tele. Mwanangu alipiga simu kutoka mtaa wa Majimbo, kule Embu mjini. "Baba, achana na hizo fujo, njoo ukae na sisi." Habari zilikuwa zimemfikia, ila si zote. Nilitaka kumwambia, nikamuuliza kama mtoto amepona kikohozi.

Mke wangu ndiye angeelewa. Hata hivyo, hakuwahi kunieleza alimpigia nani, wala sikumuuliza. Tulikuwa tukitoka kituoni vidole vikiwa na wino, tukizungumzia mboga. Sikudhani kuwa siku moja ningeutamani ukimya ule kuliko maneno yake.

Nimejaribu kulipanga swali hili kama ningelipanga kwa ajili ya wanafunzi. Nikisema "ni mimi," bomba la jirani litabaki wazi. Mimi ni mzee, watanichukia kwa kiasi, pengine watanicheka tu. Lakini kijiji kitakuwa kimejifunza kwamba mtu akitishiwa kiu, kura yake hutoka, na miaka mitano ijayo watajua pa kuanzia. Isitoshe, nitakuwa nimelijibu swali ambalo Mama Mugendi alikataa kulijibu, tena akiwa na jibu safi mdomoni. Nikinyamaza, kanuni itasimama. Ila atakayeibeba kichwani kwa mitungi kutoka mtoni atakuwa yeye, wala si mimi niliyeitunga hoja.

Asubuhi nilikutana na Mama Mugendi mlangoni mwa kanisa. "Umeamkaje, Mwalimu?" akaniuliza, kama siku zote. Nilijibu nikiangalia viatu vyangu. Sijui kama anajua. Hakuuliza, na nadhani hataniuliza.

Na sasa, katika ukungu huu, namsikia anajaza maji. Ameanza na pipa. Sauti ilikuwa nzito, kisha ikapanda. Akahamia mitungi, kisha sufuria, na sasa nadhani ni vikombe, maana mlio ni mfupi na unakatika upesi. Anajiandaa kwa Jumamosi bila kugonga mlango wa mtu.

Spana iko mezani, kando ya karatasi ninazoandikia kabla ya kunakili hapa. Je, siri ya kura ni mali yangu, niitoe siku ninayotaka kumwokoa jirani, au ni mali ya kila atakayeingia kwenye kibanda cha kupigia kura baada yangu? Na ikiwa ni yao, nani alinipa haki ya kuilinda kwa maji ya Mama Mugendi?