Huko Wasikorudi

Mjukuu wangu Tumaini,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Sisi tupo. Dada yako wa Ruhuwiko amejifungua wa kiume, wamempa jina la marehemu babu yako. Kila anayekuja kumwona anasema, "Babu karudi." Nami nacheka nao, basi tu.

Umeniuliza babu yako yuko wapi sasa. Padre alishanijibu, ila jibu lake bado halijanikaa moyoni.

Nilipokuwa msichana nilishona vifungo kwenye duka la nguo la Wahindi, pale Majengo. Mama mwenye duka akafiwa na mumewe. Nilimkuta ametulia, anafuta vumbi kwenye picha ya mungu wao. Akaniambia anamwombea mumewe afike Vaikuntha, makao ya milele ya mungu huyo, mahali pasipo na wasiwasi wowote.

"Mtu akifika kule, harudi tena," alisema.

Nikamwambia, "Pole sana, mama."

Akanishangaa. "Pole ya nini? Kurudi ndiyo taabu. Uzaliwe tena, uugue tena, ufe tena. Asiporudi, amepona."

Kwetu "harudi" ni neno la kulilia. Yeye alilitamka kama anashukuru.

Sasa nalijaribu mimi. Nakumbuka babu yako alivyoumwa, nasema: basi, mzee wangu, usirudi, pumzika. Halafu geti linalia, najikuta nimeshasimama nikamfungulie.

Ni mimi bibi yako,
Mfaranyaki, Songea