Mama Anamtetea Aliyemuua Kaka Yangu

Mama Ernestine,

Usinichoke maana nina mengi kifuani, naomba unishike mkono kabla sijafanya jambo ambalo mimi na mama yangu hatutaweza kulifuta, kwa sababu mwezi ujao tutaingia chumba kimoja cha mahakama hapa Saginaw, yeye akae upande mmoja na mimi upande mwingine, na katikati yetu awe mtu aliyemuua kaka yangu.

Kaka yangu aliitwa Cornell, fundi wa kiwandani, mtu wa kucheka kwa sauti mpaka majirani wanafungua madirisha, na alipigwa risasi nje ya duka la kufulia nguo na kijana wa miaka kumi na mitano aitwaye Marquis Ludlow aliyelitaka gari lake. Marquis alihukumiwa kifungo cha maisha bila parole, yaani afie humo humo na asiwepo wa kumfikiria tena, na siku ile nilipumua, nikasema habari yake imekwisha.

Haikwisha. Tangu mwaka jana nikaanza kumwona mama, mjane wa miaka sabini na kitu, Jumamosi moja kila mwezi anavaa gauni lake la Pasaka na kujipaka poda, halafu mzee fulani mwenye gari la Buick la kijivu anamchukua mlangoni, na nikiuliza naambiwa ni mambo ya kanisa, nami nikamwambia, "Mambo gani ya kanisa yanayotaka poda, Mama?" akanijibu, "Mungu naye ana macho, wewe."

Nikajua ni mapenzi. Siyo kosa, lakini mama ana nyumba na ana kisukari, na mzee yule sikujua katokea wapi. Tena kulikuwa na jambo lililozidi kunitia shaka: huyu ni mwanamke asiyekwenda hata dukani bila hereni, lakini Jumamosi hizo alizivua, akaacha mkoba, akabeba kitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kitu. Nikajiuliza, huyu ni mpenzi gani anayetaka mwanamke asije na hata hereni?

Basi nikawafuata kwa gari langu, nimevaa miwani ya jua kama mpelelezi, nikijiandaa kuwafumania mkahawani, lakini Buick ikapita mikahawa yote, ikaingia barabara kuu, tukaenda, tukaenda, hadi ikakata kona penye uzio wa seng'enge wa gereza, na pale ndipo nilipoelewa kwa nini hakuvaa hereni. Nikashuka garini.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

Hakushtuka hata kidogo. "Nimekuja kumwona Marquis. Na wewe umenifuata kama mwizi."

"Marquis gani? Marquis *yule*?"

Mzee akavua kofia. "Pole nyingi kwa msiba wenu, binti. Mimi ni Roosevelt Ludlow, mjomba wake."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti lako. Mama akanishika mkono kwa nguvu, akaniambia Mahakama ya Juu kule Washington imesema ni kinyume cha katiba kumhukumu mtoto moja kwa moja afie jela bila hakimu kwanza kuutazama utoto wake, ni adhabu ya kikatili, na uamuzi huo unawagusa hata waliofungwa zamani, kwa hiyo Marquis atasomewa hukumu upya. "Nami nitasimama niseme apewe nafasi," akasema. "Nimezeeka, mwanangu. Sitaki kufa nikiwa nimemshikilia yule mtoto kooni."

"Yule si mtoto, ana miaka arobaini!"

"Alipomuua kaka yako alikuwa na kumi na tano. Nilikuwepo mahakamani. Miguu yake haikufika chini vizuri pale kitini."

Mama Ernestine, nilishuku kila kitu. Nilishuku wakili wa Marquis kamfundisha mama maneno, nikamshuku mjomba na ile Buick, nikamshuku hata mchungaji. Halafu ofisi ya mwendesha mashtaka, ambayo miaka yote hii haikunipigia hata kunipa pole, ikanipigia ghafla kwa sauti tamu, "Dada, tunataka mtu wa familia aseme huyu asitoke kamwe," nikawashuku na wao.

Nikaomba ruhusa ya kwenda kumwona mwenyewe, nikaipata kwa tabu, nikaenda na swali langu kama mtego. Alikaa mbele yangu, mtu mzima, upara umeanza, mikono juu ya meza. Nikamwuliza, "Kwenye kesi ulisema Cornell alikurukia ndipo ukafyatua. Bado unasema hivyo?"

Akasema, "Hapana. Nilidanganya. Alikuwa amenyoosha mkono anipe funguo. Niliogopa ule mkono."

Nikamwuliza, "Mama anajua?"

"Nilimwambia siku ya kwanza alipokuja. Akainuka akaondoka. Nilijua hatarudi. Mwezi uliofuata akarudi." Halafu akasema, "Sikuombi uje kunisemea chochote, dada."

"Usiniite dada."

"Samahani, mama."

Sasa nielewe hapo. Huenda ni mkweli. Huenda pia ni mjanja aliyekaa miaka yote hiyo akijifunza kwamba usipoomba ndipo unapopewa. Nilimtazama machoni nikatafuta uongo sikuuona, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Na mama alijua kwamba mtoto wake alikufa akitoa funguo, akaja nyumbani akanipikia maharage na mkate wa mahindi, hakuniambia neno! Hatuzungumzi tangu siku ile. Mwendesha mashtaka anataka jibu. Nikisimama upande wake nampoteza mama, nikisimama upande wa mama naona kama nampiga Cornell risasi ya pili. Niambie, yule mtu kabadilika au anatuchezea?

Dada wa Marehemu, Saginaw


*MAMA ERNESTINE ANAJIBU*

Dada wa Marehemu, pole. Pole ya kweli, na hasa kwa hizo funguo. Kukipata kipande kipya cha kifo cha zamani ni kufiwa mara ya pili, na wewe ulifiwa mbele ya askari magereza, ukarudi nyumbani ukiendesha gari peke yako.

Nikishamaliza pole, nikugombeze. Mwanamke mzima unamfuata mama yako kwa miwani ya jua? Ulikuwa tayari kumfumania na bwana, lakini siku ulipogundua ana jeraha hukuzungumza naye. Hakukuambia habari ya funguo kwa sababu aliujua uzito wake. Siku alipoambiwa aliinuka akaondoka, akaubeba mwezi mzima kabla ya kurudi, na hakutaka kukutwisha. Amekosea, ndiyo. Mkasirikie ukiwa jikoni kwake, siyo kutoka upande wa pili wa mahakama.

Sasa swali lako. Unaniuliza kama Marquis kabadilika. Sijui. Mama yako hajui, ana tumaini tu. Mwendesha mashtaka hajui, na ile sheria ya zamani iliyomhesabu mvulana wa miaka kumi na mitano kuwa hatabadilika milele, nayo haikujua. Hilo ndilo walilolikataa kule Washington. Hawakusema afunguliwe mlango kesho. Walisema ubongo wa mtoto haujaiva, na huwezi kuufunga mlango na kutupa ufunguo kana kwamba umeshayaona maisha yake yote.

Nisikilize vizuri hapa, maana nadhani hujaona. Wewe mwenye shaka ndiye unayehitaji parole kuliko mama yako. Anayetaka Marquis afie ndani bila kutazamwa tena lazima awe na hakika. Una hakika? Umeniandikia kurasa nzima kuniambia huna. Parole ni meza ambayo mtu anaitwa, anaulizwa, anakaguliwa, na akionekana anacheza anarudishwa ndani. Una haki ya kuwepo pale na kuuliza maswali yako ya mtego. Shaka yako ina kazi, lakini ukiifungia pamoja naye gerezani haitafanya kazi yoyote, itakula wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie mwendesha mashtaka umwambie hutasema maneno aliyokuandalia. Mwambie na wakili wa Marquis hivyo hivyo, na akikuletea machozi mkatie simu. Andika yako mwenyewe, mafupi. Usitamke msamaha usiokuwa nao, maana hakuna sheria inayokudai msamaha. Mwambie hakimu habari ya funguo, Cornell anastahili isikike kwa sauti kubwa. Kisha sema ukweli wako, kwamba hujui, na kwamba hutaki mtu yeyote aseme kwa niaba yako kuwa anajua.

Na kabla ya hayo yote, leo hii, siyo Jumapili, nenda kwa mama yako. Usibishe hodi kwa maneno. Pika.


*Mwandishi wa barua hii alituandikia tena baada ya kesi. Tumeweka maneno yake kama yalivyo.*

Mama Ernestine, nilipika samaki, mama akasema amekauka, tukalia.

Nilisema mbele ya hakimu kama ulivyoniambia. Nilipofika kwenye funguo Marquis akainamisha kichwa, na mimi nikamchunguza hata pale nikitafuta kama anaigiza. Nikasema, "Mheshimiwa, simwamini mtu huyu. Lakini sina hakika, na sitaki kuapa juu ya jambo nisilolijua." Mama naye akasema yake.

Hakimu akamwondolea kifungo cha maisha. Akampa miaka ya kuhesabika, na iliyobaki kabla ya kwenda mbele ya bodi ya parole ni michache. Walipokuwa wakimtoa Marquis, mama alimpungia mkono. Mimi sikumpungia.

Kwenye gari mama akaniuliza, "Bodi ikikaa, utakwenda?"

Nikamwambia, "Nitakuwa wa kwanza kufika. Na nitakaa mbele kabisa."

"Kumwombea au kumzuia?"

"Sijui bado, Mama."

Akafunga mkanda wake wa kiti. "Basi tutakwenda gari moja," akasema.